Mtani wa Mume Wangu

Mwanamke aliyenitia wivu kuliko wote maishani mwangu alikuwa na miaka sitini na kitu, meno mawili ya mbele hana, na goti moja lilikuwa linalia kila akichuchumaa.

Mimi nimeolewa na dereva wa treni. Leo analala Kigoma, keshokutwa Mpanda, na mashoga zangu waliniletea kila aina ya habari kuhusu wanawake wa stesheni. Nilikuwa nasikiliza, nawakaribisha chai, na usiku nalala fofofo. Wivu ulikuja kunishika nikiwa bibi wa watu, nimestaafu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kiwanja cha shule, nikitazama wazee wakirushiana mpira.

Tuliposhika pensheni tulihamia Ipuli, hapa Tabora, mtaa ambao karibu kila nyumba ina mtu wa reli, mwalimu, muuguzi au askari aliyemaliza kazi. Asubuhi kwetu hakuna anayekimbilia popote. Watu wanafagia uwanja, wanamwagilia mchicha, wanaulizana presha imeamkaje. Hapo ndipo mume wangu alipopatwa na kiharusi, mvua zilipokuwa zinaanza, akiwa anafunga geti. Nilisikia komeo likigonga chini, nikadhani amelidondosha tu.

Aliporudi kutoka hospitali upande wa kulia ulikuwa kama si wake. Mguu aliuburuta. Mkono ulining'inia. Maneno yalimkimbia yakabaki machache: ndiyo, basi, maji, mama, ambaye ni mimi, na salamu ya kwao Unyamwezi, mwangaluka, aliyomwamkia kila mtu asubuhi, awe anaijua au haijui. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha namna ya kuuinua ule mkono na kuvinyoosha vidole, akanipa na mpira wa sponji wa kuminya. Alinionya kwamba vidole vikizoea kujikunja havitakubali tena kukunjuliwa. Akaniambia pia nisimmalizie maneno yake, nimwache ahangaike mpaka aseme mwenyewe.

Nilifanya yote. Maisha yangu ya kazi nimefundisha darasa la kwanza. Nimewashikisha penseli watoto waliokuwa hawajui mkono wa kulia ni upi. Nikajua huyu mmoja hawezi kunishinda. Kila asubuhi nilikaa naye barazani, nikambembeleza, nikamwambia kidogo tu baba, juu, juu hivyo hivyo. Mkono ulisogea kidogo, halafu alinitazama kwa macho ya mtu aliyechoka, nami nikalegea. Basi, pumzika. Nikamwogesha, nikamlisha, nikamvisha. Sisemi haya kutafuta sifa, ila napenda ijulikane kazi ilifanywa na nani.

Kikundi cha mazoezi cha wastaafu kilikuwa kinakutana kwenye kile kiwanja cha shule, asubuhi kabla jua halijachachamaa. Kiongozi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyetuita kikosi, ingawa nusu ya kikosi tulifanya mazoezi tumekaa. Tulinyoosha shingo, tulizungusha mabega, tulitembea kuzunguka magoli. Wanawake wenye magoti mazima walicheza rede, wakikwepa mpira na kugombana nani kaguswa kama watoto wa shule. Mwisho tulikaa duara na kurushiana mpira. Mimi nilimpeleka mume wangu kwa kuwa nyumbani nilikuwa nimeishiwa mbinu.

Kila mtu alimheshimu. Pole mzee. Taratibu mzee. Mpira ulipofika zamu yake, mtu aliinuka kitini, akaja, akauweka kwenye mkono wake wa kushoto kwa uangalifu kama anampa yai. Naye aliupokea, akaurudisha, akainamisha kichwa. Nilidhani hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Siku moja akaja mama mgeni. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni huko Nzega miaka mingi, mumewe amefariki, na sasa amehamia kwenye nyumba ndogo mitaa miwili kutoka kwetu. Sauti yake ilikuwa imezoea kuita watoto mia tano waje kuchukua maharage. Alikuwa bado anajifunga kanga kiunoni mume wangu alipomwamkia mwanajeshi.

"Mwangaluka."

Yule mama akageuka. "Nani huyo kaamkia Kinyamwezi hapa?"

Watu wakamwonyesha. Akamsogelea mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Wewe Mnyamwezi?"

Mume wangu akaitikia kwa kichwa.

"Mungu mkubwa!" akapiga kelele, mikono kichwani. "Natoka Kisarawe nakaa Nzega nazeeka, kumbe mpagazi wangu kafichwa Ipuli!"

Huyu alikuwa Mzaramo. Kwa asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, watu wa huku walipokuwa wapagazi, wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya kitu mkononi, hata kukucheka msibani kwako, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Mimi ni Mmanyema. Wazee wangu walifika Tabora na misafara hiyo hiyo, wakitokea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakanogewa wakabaki. Kwenye utani wa hao wawili sina changu. Mimi ni mtazamaji.

Tulipokaa duara, mpira ukafika mikononi mwa yule mama. Hakusimama. Aliurusha palepale alipo, kwa nguvu, na tena aliurusha upande wa kulia, upande mbovu. Ukampiga mume wangu tumboni. Nikanyanyuka kwenye kiti.

"Babu zako," akasema, "wamebeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wakazitua mlangoni kwetu wakaomba maji. Wewe unashindwa kubeba mkono wako mwenyewe! Tukukodie punda?"

Mwanajeshi akatazama viatu vyake. Kisha nikasikia mume wangu anakoroma kooni, nikadhani amepaliwa, nikamkimbilia. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa anacheka. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, machozi yanamtoka, mabega yanamtikisika, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kicheko chake kinaanza na mkoromo.

Mpira ukarushwa tena upande uleule. Safari hii mkono wa kulia ukanyanyuka. Haukufika mbali, uliishia kwenye mkanda wa suruali, lakini ulinyanyuka wenyewe. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, huku roho inaniuma kama jino.

Tangu hapo nyumbani kwangu palibadilika. Siku za mazoezi mume wangu aliamka kabla yangu. Alinionyesha kwa kidole shati analotaka, na halikuwa lile nililomtolea. Alitaka kunyolewa ndevu. Asubuhi moja nilimsikia barazani ananong'ona peke yake, taratibu, anarudia rudia, nikamwonea huruma nikijua anahangaika na dua. Nikasogea. Alikuwa anasema, "Mla... na. Mla... nazi." Alikuwa anamwandalia tusi yule mama wa pwani. Mtu ambaye mimi hakuwahi kuniandalia hata neno la asante.

Alilitoa kiwanjani siku hiyo hiyo, mbele ya wote, jasho linamtoka. Yule mama alijitupa chini kwenye vumbi kwa furaha, goti na yote, akagaagaa. "Kanitukana! Mpagazi kanitukana! Nani alisema huyu hana kinywa?"

Nilimchunguza sana mwanamke yule. Niseme ukweli, nilisimama mbele ya kioo nikajilinganisha naye. Uzuri hakunizidi. Mapishi hakunizidi, maana nilionja maandazi yake. Alinizidi kitu kimoja tu, kwamba mazoezi yakiisha alijipangusa vumbi akaenda zake. Hakuwa na habari dawa zimemezwa au hazikumezwa, shuka zimekauka au hazijakauka. Yeye alipewa kicheko, mimi nilibakiwa na ndoo. Jirani yangu mmoja, muuguzi mstaafu, alinigusa kiwiko akanichokoza, "Shoga, mwenzetu unaibiwa mchana kweupe." Nikacheka naye. Nilijitia hamnazo mpaka mashavu yakaniuma.

Kisha nikawaza, kwani matusi ni kazi ngumu? Mimi ni mwalimu. Kama tusi ndiyo dawa, dawa ninayo ndani ya nyumba.

Basi asubuhi moja nimempakatisha bakuli la uji, nimemshikisha kijiko mkono wa kulia kama nilivyofundishwa, kijiko kikatetemeka uji ukamwagika. Nikavuta pumzi, nikatengeneza sauti ya kiwanjani. "Mpagazi we! Kijiko nacho kinakushinda?"

Alinitazama. Hakukoroma. Aliweka kijiko chini polepole, akageuzia uso ukutani, na uji ule ukapoa mpaka ukafunga utando. Nilimwomba radhi, nikamwambia ilikuwa utani. Lakini haikuwa utani, na wote wawili tulijua. Mimi ndiye ninayemfuta kidevu. Nikisema kijiko kimemshinda, huo ni ushahidi.

Hapo kijicho changu kikawa kinanitoka wazi. Nikaacha kumsalimia yule mama kwa furaha. Nikawa nakiweka kiti changu katikati yake na mume wangu. Naye, bila kujua au kwa kujua, alikuwa anapaza sauti juu ya kichwa changu.

Ikafika siku ya kofia. Mwanajeshi alituamuru kutembea, mwendo wa pole, kwa barabara ya vumbi inayokwenda Kwihara, ambako misafara ya zamani ilikuwa inapita. Kulikuwa na kibaridi cha asubuhi cha kiangazi, tumevaa masweta juu ya fulana zetu za kikundi. Mume wangu na fimbo yake alikuwa wa mwisho, mimi pembeni yake na chupa ya chai. Yule mama alikuwa mbele, lakini alirudi nyuma, akatuzunguka, na ghafla akamnyakua kofia kichwani.

Kofia ile niliishona mimi. Niliitoboa na kuidarizi kwa mkono, tundu moja moja, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake hospitalini, siku ambazo hakuna aliyeniambia kama ataamka au la. Yule mama aliivaa yeye. Akaweka mkono mmoja juu yake kama mtu aliyejitwika mzigo, akawa anakwenda kwa madaha katikati ya barabara, akiimba wimbo wa kijinga alioutunga papo hapo kuhusu mpagazi aliyeibiwa mzigo na mwanamke. Kikosi chote kilikuwa hoi kwa kicheko. Na mume wangu akaanza kumfuata. Fimbo ilitangulia, mguu wa kulia ukanyanyuka, ukanyanyuka tena. Akaniacha nyuma.

Akaniacha nyuma mimi, na chupa ya chai.

Sikumbuki kama nilikimbia. Ninachokumbuka ni kwamba niliwapita wote wawili na kuivuta kofia ile kichwani mwa yule mama, mpaka kilemba chake nacho kikafunguka.

"Mama, yatosha," nikamwambia. "Kofia hii si yako, na mume huyu si wako."

Kicheko kikakatika. Mtu yeyote wa Tabora anajua kuwa hapo nilivunja kitu. Mtani akikasirika hutozwa faini, anachekwa, yanakwisha. Lakini mimi si mtani, na kwa mtu kama mimi haijulikani afanywe nini. Yule mama alikusanya kilemba chake, akakifunga upya bila haraka, halafu akaniinamia kidogo.

"Nisamehe, dada. Sikujua."

Mpaka leo nasema kofia ile nilikuwa na haki nayo. Tulipofika nyumbani nilimvalisha mwenyewe mume wangu. Aliivua kwa mkono wa kushoto, akaiweka juu ya meza, akatafuta neno kwa muda mrefu, akalipata. "Aibu," akasema.

Siku ya mazoezi iliyofuata yule mama alifika mapema. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mume wangu, akainama kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Poleni na maradhi."

Mume wangu alimtazama, akingoja. Hakikufuata kitu. Tulipokaa duara na mpira ukafika kwake, yule mama aliinuka kitini, akaja, akauweka taratibu kwenye mkono wa kushoto. Kama yai. Niliuona uso wa mume wangu ukianguka, naapa, kama siku daktari alipotuambia jina la ugonjwa. Mtu pekee aliyekuwa akimwona mzima naye sasa ameanza kumwona mgonjwa.

Nilikuwa nimeshinda. Nilikaa pale, karibu yake, hakuna mtu katikati yetu, na ushindi wenyewe ulikuwa hauna ladha yoyote.

Baada ya hapo hakutaka kwenda kiwanjani. Nilimtolea viatu, akaonyesha kitanda. Ndevu zikaota. Kile kidogo cha maneno kilichokuwa kimeanza kurudi kikasinyaa tena hadi ndiyo na basi. Barazani hakunong'ona chochote. Nilitega sikio kila asubuhi nikiomba nisikie hata lile tusi. Nikarudi kwenye mpira wangu wa sponji. Aliniachia mkono wake nikaukunja nikaukunjua, bila kubisha, bila kusaidia, kama ni kitu changu nimemletea anishikie. Halafu nikaona vidole. Vilikuwa vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, na nilipovinyoosha vilirudi.

Nilihangaika na nafsi yangu kama mtu anayemeza dawa chungu. Kumwona akicheka na yule nilikuwa siwezi. Kuvitazama vidole vile vikifunga nilikuwa siwezi pia. Mwishowe nikajifunga kanga, nikaenda kwa yule mama.

Nilimkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanipisha kwenye mkeka, akaniuliza watoto, wajukuu, hali ya mzee. Nikajibu wazima, wazima, hajambo kiasi. Tukazungumzia bei ya mchele. Tukazungumzia vumbi. Nazi yote ikaisha.

"Dada," nikasema, "nimekuja kukuomba ukamtukane mume wangu."

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na kama angecheka ningeondoka.

"Ile kofia," akasema, "nilitaka atembee. Nilimwona anaweza, ila hana cha kufuata."

"Niliona."

"Nikija siji nusu. Nitamtukana yeye, na nyumba, na wewe mwenyewe."

"Tukana."

"Na usiingilie."

Kuambiwa nisiingilie, ndani ya nyumba yangu, kwa mume wangu! "Siingilii," nikasema.

Alikuja kesho yake asubuhi, bila hodi, akaanza kupiga kelele tangu getini. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa mapema kwa ajili ya dawa zake, na dirisha la jikoni linatazama barazani. Nilijibana pembeni ya dirisha na mwiko mkononi.

"Mpagazi amelala na mzigo haujafika! Pwani wanangoja, yeye anaota ndevu! Hii ndiyo nyumba ya dereva wa treni? Hata banda la kuku wa Kisarawe lina rangi!"

Mume wangu kimya. Akamtukana michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo kwao ni chakula cha heshima, akasema ndivyo vilivyomkausha na akili. Kimya. Akamwambia babu zake wangemwona wangemuuza kwa fundo moja la shanga na kurudishiwa chenji. Kimya bado, na mimi nikawaza tumechelewa. Ndipo akanigeukia mimi.

"Na mkeo huyo! Mwalimu mzima, kaja kwangu jana uso umemshuka kama mlenda uliolala. Ana wivu mwanamke yule, afadhali treni angeendesha yeye, ungeiona inavyopiga honi kila stesheni!"

Niliushika mwiko kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeahidi. Nikasikia kiti cha barazani kikilia. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu, nzito, inaweka neno, inapumzika, inaweka lingine.

"Nitukane... mimi. Mke wangu... mwache."

Hakuna aliyemmalizia. Ilikuwa sentensi nzima, ya kwanza tangu lile komeo lilipogonga chini. Nilichungulia. Mkono wa kulia ulikuwa umetoka mapajani, umefika usawa wa kifua, unamnyooshea yule mama vidole ambavyo havijakunjuka vizuri, na yule mama alikuwa anapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Mume wangu hakujua kwamba nipo dirishani. Alikuwa anamtazama yeye, macho yanamng'aa, akingoja ajibiwe. Sentensi niliyoisubiri muda wote ule, niliyoibembeleza na kuiombea, ilikuja na ilinihusu mimi, na aliyeambiwa ni mwingine.

Niliepua ugali. Nikamimina chai vikombe vitatu, nikatoka nayo barazani, nikaanza kumpa mgeni. Nikamwambia kesho aje mapema zaidi, lakini kwa wivu nilisema nimeinamia vikombe, ikabidi nirudie ndipo asikie.